Somalia 2011: Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo

Tarehe 20 Julai 2011, Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu mbili za kusini mwa Somalia: Bakool ya Kusini na Shabelle ya Chini. Ghafla dunia ikaamka. Kamera zikajaa Dadaab, pesa zikaanza kumiminika.

Lakini hebu angalia kalenda. Wachunguzi wa FEWS NET, mtandao wa kutoa tahadhari ya njaa, walikuwa wakionya tangu Agosti 2010. Mvua za mwisho wa mwaka huo zikakosa, na za 2011 zikawa haba. Mifugo ikafa, bei ya mtama ikapaa. Watu wakatembea hadi Dadaab, kambi zilizojengwa kwa ajili ya watu 90,000, ambazo mwaka huo zilipita 400,000. Onyo lilikaa mezani karibu mwaka mzima.

Mbona basi msaada ukachelewa? Ukame ulikuwa mmoja, ila vita vilifunga milango yote miwili. Kusini kulikuwa mikononi mwa Al-Shabaab, waliowafukuza Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) na wengine, na hata baada ya tangazo wakasema eti hakuna baa la njaa. Upande wa pili, Marekani ilikuwa imeliweka kundi hilo kwenye orodha ya magaidi mwaka 2008. Mashirika yakaogopa kwamba gunia moja likiangukia mikono isiyofaa, wao ndio watashtakiwa. Pesa za Marekani za kusini zikakauka. Sheria hizo zililegezwa Agosti 2011, baada ya tangazo.

Halafu kuna neno lenyewe. Kwa vipimo vya kimataifa, baa la njaa halitangazwi mpaka mambo matatu yathibitike: angalau asilimia 20 ya kaya zina upungufu mkubwa mno wa chakula, zaidi ya asilimia 30 ya watoto wana utapiamlo mkali, na watu wawili katika kila 10,000 wanakufa kila siku. Soma hilo la tatu tena. Ili neno litamkwe, lazima kwanza makaburi yahesabiwe.

Na yalihesabiwa. Utafiti uliotolewa 2013 ulikadiria kwamba watu 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012. Zaidi ya nusu walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi mno walikuwa wameshazikwa kabla ya lile tangazo la Julai.

Si ati haiwezekani kuwahi. Mwaka 2017 mvua zilikosa tena na Al-Shabaab walikuwa bado wapo. Safari hii wafadhili walitoa pesa mapema, familia nyingi zikapewa pesa taslimu wajinunulie chakula, na baa la njaa likaepukwa.

Somo hilo halikudumu. Mwaka 2022, baada ya misimu kadhaa bila mvua, Somalia ilifika ukingoni lakini neno halikutangazwa, kwa sababu vipimo havikutimia. Makadirio yaliyotoka mwaka uliofuata yalisema watu 43,000 walikuwa wamekufa kwa sababu ya ukame huo, nusu yao watoto wadogo.

Kwa hiyo ukisikia kwenye habari kwamba nchi fulani yenye vita "haijafikia" baa la njaa, usishushe pumzi. Uliza nani tayari ameshazikwa huko, na nani anangoja neno.