Mkaazi wa Siku Nyingi na Kiti cha Udiwani Mjini Nairobi

Itakumbukwa kwamba mji wa Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya, ulianza mwaka 1899 ukiwa kambi ya wajenzi wa reli. Waafrika walikuwapo tangu siku hizo: wapagazi, vibarua, wachuuzi na askari. Hata hivyo, ilipoundwa Halmashauri ya Manispaa mwaka 1919, walowezi wa Kizungu ndio waliopiga kura na kukalia viti vingi.

Hoja ya mkoloni ilikuwa kwamba Mwafrika ni mpita njia mjini. Kwao ni kijijini, na kazi ikiisha arejee huko. Kwa hoja hiyo alitozwa kodi, akavikwa kipande shingoni na kupangiwa makao Pumwani, bila kuwa na neno juu ya maji, taa wala usafi wa mtaa wake.

Mfano wenye uchungu kwa askari ni ule wa Kibra. Askari wa Kinubi wa jeshi la KAR, wenye asili ya Sudan, walipewa kukaa ukingoni mwa mji, na mwaka 1918 eneo hilo, lenye ekari zaidi ya 4,000, likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Walijenga, wakazaa na kuzika wafu wao hapo. Lakini serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa wapangaji wa kuondolewa wakati wowote. Jumuiya yao ilikabidhiwa hati ya ardhi mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288 tu.

Katika miaka ya 1940 mkoloni alianza kuwateua Waafrika wachache kuwa madiwani. Lakini diwani wa kuteuliwa humtazama aliyemteua, na wakaazi hawana njia ya kumwondoa. Mmoja wao, Tom Mbotela, aliuawa Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya kutangazwa hali ya hatari. Kisha Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi waliuzingira mji, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa. Watu waliokaa Nairobi miaka mingi walipakiwa malorini na kuondolewa. Ndipo ilipodhihirika kwamba ukaazi usiolindwa na sheria hufutwa kwa siku moja.

Mwaka 1962 Charles Rubia akawa Meya wa kwanza Mwafrika, na mwaka 1970 Margaret Kenyatta akashika wadhifa huo. Lakini Uhuru peke yake haukukilinda kiti cha diwani. Mwaka 1983 serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji ikitaja usimamizi mbaya, na tume ya kuteuliwa ikauongoza mji hadi uchaguzi wa Desemba 1992. Kwa karibu miaka kumi mkaazi hakuwa na diwani wa kumpelekea malalamiko yake.

Katiba ya mwaka 2010 ilileta utaratibu mwingine. Tangu mwaka 2013 Nairobi ina Bunge la Kaunti lenye wadi 85. Mgombea asiye na chama huhitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi anayoigombea. Hapo ndipo ukaazi wa siku nyingi unapopata thamani, kwa kuwa majirani ndio wanaojua nani alishirikiana nao msibani na nani alihangaikia bomba la maji lilipokauka. Hata pale Meja Jenerali Mohamed Badi alipokabidhiwa kusimamia baadhi ya huduma za mji, kati ya mwaka 2020 na 2022, wawakilishi wa wadi waliendelea na viti vyao.

Katiba hiyo hiyo humzuia mtumishi wa umma kugombea kiti hicho akiwa kazini. Aliyevaa sare hulinda kura za wote bila kuegemea upande. Akistaafu hurudi mtaani akiwa raia kamili, mwenye haki ya kupiga kura na kupigiwa kura. Haki hiyo wale wazee wa KAR pale Kibra hawakupewa na mkoloni waliyemtumikia.