Vigari vya Waya katika Mji wa Machimbo: Kambove na Swali la Ushahidi wa Kihistoria

1.0 Utangulizi

Kambove ni mji wa machimbo ya shaba ulioko kaskazini-magharibi mwa Likasi, katika Haut-Katanga, kiasi cha kilomita 150 kutoka Lubumbashi. Historia ya mji huu, kama ilivyo historia ya miji mingi ya Katanga, imeandikwa zaidi kwa kutegemea takwimu za tani, majalada ya kampuni na taarifa za watawala. Makala haya yanakusudia kuchunguza chanzo cha namna nyingine ambacho ni nadra kupewa nafasi na wanahistoria, yaani vigari na malori madogo ya waya ambayo watoto huyaunda katika miji ya machimbo ya Katanga na vilevile ng'ambo ya mpaka, katika Ukanda wa Shaba wa Zambia.

Hoja yetu ni kwamba kigari cha waya si masalio ya ufundi wa kale, wala si mwigo dhaifu wa vichezeo vya viwanda vya Ulaya. Ni zao la mji wa kampuni, na kwa sababu hiyo kinaweza kutueleza jambo kuhusu mji huo ambalo majalada hayalisemi. Hata hivyo, ushahidi huu huharibika upesi, na usipokusanywa hupotea pamoja na utoto wa waundaji wake.

2.0 Waya kabla ya Kampuni

Mtu anayejua historia ya Katanga atashawishika kuanza na wahunzi. Eneo hili lilichimbwa na kuyeyushwa shaba karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Katika makaburi ya Sanga, bondeni mwa Upemba, ambako uchimbaji wa kiakiolojia ulifanywa mwaka 1957 na 1958, vilipatikana vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba ambavyo vilienea sana katika biashara ya eneo hilo. Katika karne ya 19, chini ya utawala wa Msiri, aliyeuawa mwezi Desemba 1891, mafundi wa Kiyeke walivuta shaba hadi ikawa waya mwembamba, wakausokota kuwa bangili. Wayeke walikuwa na asili ya Usumbwa na Unyamwezi, na misafara yao ni mojawapo ya njia zilizokifikisha Kiswahili Katanga. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika kuhusu wayeyushaji wa shaba mwaka 1926, akiwaita "walaji wa shaba", wakati ambapo kazi yao ilikuwa imekwisha kugeuka kumbukumbu.

Je, mtoto wa Kambove anayekunja waya ni mrithi wa mafundi hao? Tunaona kwamba jibu ni hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, ufundi wa kuyeyusha na kufua ulikuwa kazi ya watu wazima, yenye miiko na mafunzo yake, na mnyororo wa kuurithisha ulikatika pale machimbo yalipochukuliwa na kampuni. Pili, malighafi yenyewe ni tofauti. Shaba ni laini. Hufaa kufungia na kupambia, lakini fremu ya kigari inayosukumwa juu ya kokoto huhitaji waya mgumu wa chuma, na waya huo hutoka kiwandani. Kuunganisha mambo haya mawili kwa sababu tu yote yana waya ni kuikimbilia fahari ya kale na kuipuuza historia iliyo karibu nasi.

3.0 Masharti Matatu

Ili kigari cha waya kiwepo, mambo matatu lazima yakutane: gari la kutazamwa, takataka za viwandani za kutumiwa, na mtoto mwenye nafasi ya kucheza. Ni vyema tuyapitie moja baada ya jingine, kwa kuwa kila moja lina tarehe zake.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikasogezwa hadi Kambove mwaka 1913. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na shaba yake ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Kwa hiyo mashine za magurudumu zilionekana mapema. Nyaya, makopo na vipande vya mpira navyo vilifuata duka la kampuni, karakana na umeme.

Sharti la tatu lilichelewa. Katika miaka ya mwanzo kambi za wafanyakazi zilikuwa hasa za wanaume waliokuja kwa mikataba mifupi, wengi wao wakitoka Rhodesia ya Kaskazini na baadaye Kasai na Ruanda-Urundi. Ni baada ya kampuni kuanza sera ya kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, mwishoni mwa miaka ya 1920, ndipo watoto walipokuwa wengi katika kambi hizo. Watoto hao walizaliwa ndani ya mpango wa kampuni: nyumba, posho, zahanati na shule vilitoka kwake. Ndio walioifanya lugha ya Kiswahili, ambayo baba zao waliijifunza kazini, iwe lugha ya kuzaliwa nayo. Fabian (1986) ameonyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyokua sambamba na utawala wa kazi. Tungependa kuongeza kwamba kilikua pia viwanjani, midomoni mwa watoto waliokuwa wakicheza, na kigari ni mojawapo ya vitu walivyovizungumzia kwa lugha hiyo.

4.0 Kipimo na Usukani

Katika Ulaya na Marekani, uundaji wa magari madogo ni burudani iliyofungamana na kiwanda. Vigari vya Dinky Toys vilianza kuuzwa Uingereza kwa jina hilo mwaka 1934, na kipimo kilichozoeleka cha 1:43 kilitokana na reli za kuchezea. Huko Marekani, kampuni ya AMT ilianza kwa kutengeneza mifano ya kipimo cha 1:25 kwa ajili ya wauzaji wa magari, kisha ikawauzia watu vipande vya kuunganisha wenyewe. Mpenzi wa burudani hiyo hufungua sanduku, husoma maelekezo na hupima kazi yake kwa swali moja: je, mfano huu unafanana na gari lenyewe katika kila sehemu?

Mtoto wa machimboni hana sanduku wala maelekezo. Huanza na waya mnene unaokunjwa kwa mkono au kwa koleo kuwa chasisi na umbo la bodi. Viungo hufungwa kwa waya mwembamba au kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Magurudumu hukatwa kutoka kandambili zilizochakaa, au huwa ni makopo ya dawa ya viatu na vizibo vya chupa. Kutoka ekseli ya mbele hupanda ufito au waya mrefu hadi usawa wa kifua cha mtoto, na mwishoni mwake huwekwa duara la usukani. Mtoto hutembea akiwa wima nyuma ya gari lake, akilikata kona kwa mikono miwili.

Kwa macho ya mpenzi wa 1:43, ufito huo ni kosa, kwa maana ni mrefu mara nyingi kuliko gari lenyewe. Lakini hapa ndipo mantiki ya kigari inapojidhihirisha. Uwiano wa mwili wa gari unaweza kuchungwa kwa makini ya kushangaza, hata lori la tipa likatofautishwa na basi kwa mtazamo mmoja. Ila usukani hupimwa kwa mwili wa mtoto. Kinachoigwa si gari peke yake. Kinachoigwa ni kitendo cha kuliendesha. Katika jamii ambamo Mwafrika wa enzi za ukoloni aliweza kulipanda lori la kampuni, kulipakia au kulifagia, lakini ni wachache tu waliokabidhiwa usukani, uchaguzi huu si jambo dogo. Udereva ulikuwa cheo.

Jambo hili halikuishia Katanga. Nchini Malawi kigari cha namna hii huitwa galimoto, neno la Kichewa lenye maana ya gari. Watu na maneno vilivuka mipaka kwa njia zilezile za uajiri wa kazi. Kigari nacho kimeenea katika ukanda huohuo wa kusini, ingawa ni hatari kudai kwamba kilitoka mahali pamoja.

5.0 Ukumbusho au Mchezo?

Wasomi wa Katanga wamekwisha kukubali kwamba historia haimo katika majalada peke yake. "Vocabulaire" ya jiji la Elisabethville, iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, ilichapishwa na Fabian mwaka 1990 kama historia iliyosimuliwa kutoka chini. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1970, aliichora historia ya nchi yake kwa mfululizo wa picha takriban 100. Picha za aina hiyo, zilizotundikwa katika vyumba vya wageni, zilielezwa na wenyewe kwa neno la Kiswahili ukumbusho. Kuanzia mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi uliipa kumbukumbu ya watu wa kawaida nafasi katika chuo kikuu na katika makumbusho ya jiji.

Kwa nini basi picha ni ukumbusho na kigari ni mchezo tu? Picha ilinunuliwa na mtu mzima, ikatunzwa. Kigari kiliundwa na mtoto kwa ajili yake mwenyewe, kikasukumwa hadi kikavunjika, waya ukatumika tena. Thamani yake haikuwa sokoni, na kwa hiyo hakikupata mtunzaji. Kipimo hiki ni cha soko, si cha historia.

Hasara yake inaonekana tukitazama miaka ya karibuni. Gécamines, mrithi wa Union Minière tangu machimbo yalipotaifishwa mwaka 1967, ilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilikaa miezi mingi bila kulipwa, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa. Dibwe dia Mwembu (2001) amewaita wana wa kizazi hicho watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baada ya sheria mpya ya madini ya mwaka 2002, barabara za Katanga zilijaa malori ya kampuni binafsi yakielekea mpaka wa Kasumbalesa.

Mtoto wa mwaka 1975 aliliunda lori la kampuni iliyomlisha. Mtoto wa mwaka 2010 aliliunda lori linalopita. Laiti vigari vya miaka hiyo miwili vingewekwa kando kwa kando, pamoja na jina la mtaa, mwaka na maelezo ya muundaji, tungeweza kuuliza ni nini kilichobadilika katika macho ya mtoto: aina ya gari, nembo aliyoichora ubavuni, au hata jambo analoliota. Bila mkusanyiko huo, hatuna cha kulinganisha.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kigari cha waya kina historia inayoweza kuwekewa tarehe, na kwamba historia hiyo inahusu kazi, familia na lugha. Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, idara za historia na makumbusho zikusanye vigari pamoja na simulizi za waundaji, wakiwemo watu wazima wanaokumbuka walivyoviunda. La pili linatuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Kila sehemu ya kigari, kuanzia ekseli hadi ufito wa usukani, ina jina ambalo watoto hulitumia, na majina hayo yamechotwa katika Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Kibemba. Msamiati huo haujaandaliwa na baraza lolote la istilahi. Umeundwa uwanjani na mafundi wa miaka kumi, nao unastahili kuandikwa kabla wasemaji wake hawajakua na kuusahau.