Viroba vimekatazwa tangu 2017, lakini pombe kali ipo: Fahamu inavyofanya mwilini na nyumbani

Dar es Salaam. Miaka michache iliyopita, ukipita Mtaa wa Kongo au Msimbazi asubuhi, ulikuta vifuko vitupu vya plastiki vimetapakaa kwenye mitaro. Hivyo ndivyo viroba: pombe kali ya mililita 50 au 100, iliyouzwa dukani, kwenye meza ya pipi na hata kituo cha daladala, kwa bei ambayo mbeba mizigo wa Kariakoo aliimudu kabla hata ya kunywa chai.

Februari 2017, akiwa Mirerani mkoani Manyara, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuwa kuanzia Machi 1 mwaka huo viroba ni marufuku kutengeneza, kuuza na kutumia. Kanuni zilitolewa chini ya sheria ya mazingira, na aliyesimamia ni January Makamba, wakati huo waziri anayeshughulikia Muungano na Mazingira. Uganda nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2019.

Hapo kuna jambo wengi hulisahau. Kilichokatazwa ni kifungashio. Kinywaji chenyewe kinaendelea kuuzwa kihalali kwenye chupa, na wasio na hela ya chupa huchangishana.

Kidogo kwa macho, kikubwa kwa ini

Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takribani gramu 20 za pombe halisi. Kiroba cha mililita 100 chenye kilevi asilimia 35 kilikuwa na takribani gramu 28. Yaani kale kafuko kalikoingia mfuko wa shati kalizidi bia nzima, na mtu alikamaliza kwa mafunda mawili.

Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, na haliharakishwi na supu ya pweza, kahawa chungu, ndimu wala kuoga maji ya baridi. Chukua dereva wa bodaboda aliyeanza kunywa saa 2 usiku akamaliza bia sita. Saa 11 alfajiri, malori ya mboga na matunda yanaposhusha mzigo, bado ana gramu 30 au zaidi za pombe mwilini. Anajiona mzima kwa sababu amelala. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80 kwa kila mililita 100 za damu, na kwa hesabu hiyo anaweza kuwa bado amekipita.

Ini likielemewa huanza kujaa mafuta. Hatua hiyo haiumi na mara nyingi hurekebika mtu akiacha. Akiendelea, huja makovu, tumbo kujaa maji, macho ya njano, na kutapika damu kwenye mishipa ya koo iliyovimba. Makovu hayo hayarudi nyuma kirahisi. Pombe pia husababisha saratani za kinywa, koo, ini, utumbo mpana na matiti. Shirika la Utafiti wa Saratani la WHO liliiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi tangu 1988. Na kwa wanaume wanaoamini inaongeza nguvu: kwa mnywaji wa muda mrefu hufanya kinyume.

Gongo ni habari nyingine. Machozi ya simba, kama inavyoitwa mtaani, ni haramu kuitengeneza bila leseni, na hatari yake kubwa ni kwamba mnywaji hajui kilichomo. Ikichanganywa na methanoli, mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Mtu hupofuka au kufa, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Kenya imezika makumi ya watu kwa pombe za aina hiyo, wakiwemo zaidi ya 10 huko Kirinyaga, Februari 2024. Mtu aliyekunywa gongo akisema anaona ukungu, usimwache alale. Mpeleke hospitali.

Kutoka "napenda" hadi "siwezi"

Hakuna idadi ya bia inayomfanya mtu kuwa mlevi. Madaktari huuliza maswali manne tu. Umewahi kuona unapaswa kupunguza? Watu wamekuudhi kwa kukusema kuhusu pombe? Umewahi kujisikia vibaya, kama una hatia, kwa sababu ya kunywa? Umewahi kunywa asubuhi ili utulie au utoe uchovu wa jana? "Ndiyo" mbili zinatosha kumfanya daktari achunguze zaidi.

Swali la nne ndilo zito. Mtaani kunywa asubuhi huitwa kuzimua, na huchukuliwa kama utani wa walevi. Lakini mkono unaotetemeka mpaka upate funda la kwanza ni dalili kuwa ubongo umeshazoea kufanya kazi na pombe ndani yake.

Ndiyo maana kuacha ghafla kunaweza kuua. Jambo hili halisemwi vya kutosha, na Dar es Salaam lina msimu wake. Siku za vunja jungu watu hunywa mfululizo, kisha mwezi unaandama na Ramadhani inaanza. Anayekunywa wikiendi tu hatapata shida. Aliyekuwa akinywa kila siku kwa miaka huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 12. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Siku ya pili hadi ya nne baadhi huchanganyikiwa, hupata homa, huona wadudu ukutani na kuongea na watu wasiokuwepo.

Familia nyingi hapo huita mganga au kumfungia chumbani wakidhani ni mashetani. Hiyo ni dharura ya hospitali, sawa na malaria kali. Daktari hutumia dawa za kutuliza kama diazepam kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 kuulinda ubongo. Dawa hizo si za kujinunulia, maana zikichanganywa na pombe zinaweza kuzima pumzi.

Nyumbani hesabu haifichiki

Kariakoo watu wengi hulipwa jioni, mzigo ukishashuka. Baa iko njiani, nyumbani ni mbali. Anayeacha Sh5,000 kaunta kila siku ya kazi, kwa siku 26 ameacha Sh130,000, hela inayoweza kulipa chumba cha kupanga Mbagala. Mke anayeuza vitumbua hujikuta akilipa ada, kodi na madeni ya mume dukani. Watoto hujifunza kusikiliza hatua za baba getini ili wajue leo amerudi vipi. Na wanawake nao hunywa, ila wao hufichwa zaidi, kwa hiyo huchelewa kutibiwa. Mjamzito hana kiwango salama: pombe humfikia mtoto na inaweza kumwathiri ubongo maisha yote.

Ulevi si kinga ya kisheria kwa anayepiga. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 hupokea bure simu zinazohusu watoto. Asiyepewa matumizi ya watoto anaweza kuanzia kwa ofisa ustawi wa jamii. Anayefikiria talaka hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa.

Pa kuanzia

Kwa mkazi wa Kariakoo, Mnazi Mmoja kuna huduma za afya, Amana ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Kuna pia nyumba za upataji nafuu, ingawa aliye kwenye hatari ya degedege apitie hospitali kwanza. Usichanganye na kliniki ya methadoni iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, hiyo ni kwa waraibu wa heroini na haitibu pombe.

Ukienda na ndugu yako, mwambie daktari mambo matatu: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. La mwisho ndilo humwonyesha daktari degedege linaweza kuja lini.