Bibi Asiye na Jina: Picha za Watu wa Kusini, Kuanzia 1906 Mpaka Simu Yako

Ukitafuta picha za zamani za Wamakonde mtandaoni, utakutana naye mapema tu. Ni mama mtu mzima, kasimama juani, ndonya kwenye mdomo wa juu, chale usoni, macho kayafinya. Chini ya picha wameandika kabila, wakati mwingine na mahali. Jina hamna.

Yule ni bibi wa mtu. Inawezekana kabisa ni bibi wa bibi yako.

Mmoja wa waliopiga picha za namna hiyo mapema ni Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1906 alishukia Lindi, akaenda Masasi, kisha akapanda Newala, huko juu ambako ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma. Vita ya Majimaji ilikuwa bado ya moto. Wapagazi walimbebea kamera na sahani za kioo, maana ndizo zilikuwa filamu zake, pamoja na mashine ya kurekodi sauti na hata kamera ya sinema. Mwaka 1908 akatoa kitabu. Ndani yake wakubwa kama Matola wana majina yao. Wanawake wengi wamebaki "mwanamke wa Kimakonde", basi.

Sasa cheki mwanga wenyewe. Jua la mchana la kusini linapiga kutoka utosini. Paji la uso linang'aa, macho yanageuka mashimo, na mtu anakunja sura kwa sababu jua linamuumiza. Halafu anayeangalia picha miaka 100 baadaye anasema, "Duh, watu wa zamani walikuwa wakali!" Hawakuwa wakali. Walikuwa wamesimamishwa juani na mgeni.

Studio zilikuja, lakini kwa wenye nauli

Mambo yalikuwa tofauti mjini. Zanzibar ilikuwa na studio tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe. Mtu alienda kwa hiari yake, kavaa alichotaka, kakaa alivyotaka. Hiyo ni picha ya mtu anayejiheshimu.

Mtwara mjini penyewe palikua baada ya 1947, Waingereza walipoleta ule mradi wa karanga uliokuja kufeli vibaya. Mradi ulitaka bandari na reli, mji ukapatikana. Lakini kwa bibi wa Msimbati au Kilambo, picha ya studio ilikuwa safari ya siku nzima na hela ambayo ingenunua unga. Wengi hawakwenda.

Kwa hiyo wazee wengi wana picha moja tu maishani: ya kitambulisho. Kadi ya mpiga kura au NIDA, uso mbele, "mama usicheke". Siku ya msiba ndiyo familia inashtuka. Wanahangaika kukata sura kutoka kwenye kadi, au kwenye picha ya harusi ambako bibi kakaa nyuma, nusu kazibwa na kilemba cha mtu.

Filamu nayo haikutujua

Kuna jambo lingine. Filamu za rangi za Kodak kwa miaka mingi zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Akitoka vizuri yeye, basi mashine iko sawa. Mtu mweusi akitokea macho na meno tu, analaumiwa yeye kwamba "ni mweusi sana". Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengeneza filamu Jean-Luc Godard alialikwa Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, na inasimuliwa kwamba alikataa kutumia filamu za Kodak kwa sababu hiyohiyo. Kampuni ikaja kuboresha baadaye, na inasemekana waliolalamika kwa nguvu walikuwa watengeneza chokoleti na fanicha, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao zilikuwa hazitoki. Yaani chokoleti ilisikilizwa kabla ya watu!

Kumbe jibu lilikuwa mlangoni

Huko Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Alipiga picha uani, kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Leo picha zake zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa duniani. Hela haikuwa kigezo. Kigezo kilikuwa kujua mwanga unatoka upande gani.

Nyumba ya pwani ya kusini inayo studio hiyo tayari. Iwe ya mawe kule Mikindani au ya udongo na makuti kule Msimbati, ndani kuna giza na mlango uko wazi. Mwanga unaingia kwa upande mmoja, laini, haumfinyishi mtu macho.

Na hapa ndipo wazee wenye chale wanapohusika. Chale za Kimakonde ni mistari iliyokatwa kwenye ngozi, mingi imeinuka kidogo. Ukipiga flashi ya mbele, mistari inafutika, uso unakuwa kama sahani. Mwanga ukitoka ubavuni, kila mstari unatupa kivuli chake na chale zote zinasomeka. Wachongaji walilijua hili zamani: kwenye vinyago vya mapiko, chale hubandikwa kwa nta ili ziinuke.

Vijana waliacha kuchanjwa siku nyingi. Waliobaki na nyuso hizo ni wazee sana, na kila mwaka wanapungua. Ndiyo maana suala hili halisubiri sikukuu ijayo.

Namna yenyewe ni rahisi:

Subiri saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Mwombe bibi ruhusa kwanza, avae khanga anayoipenda mwenyewe. Mkalishe ndani, hatua moja au mbili kutoka mlangoni, ubavu mmoja uelekee nje. Zima flashi, zima na taa ya ndani ili rangi zisigombane. Upande wenye giza tundika shuka jeupe kwenye kiti. Litarudisha mwanga kidogo. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, punguza mwanga mpaka ngozi ionekane ngozi. Filta achana nayo, inalainisha hadi chale.

Usiku je? Umeme wa gesi ya Mnazi Bay umeshafika kwenye nyumba nyingi, kwa hiyo balbu ipo. Usimmulikie usoni. Elekeza taa kwenye ukuta mweupe, mwanga urudi kwake. Pasipo umeme, tochi ya simu ya pili ikipigwa kwenye shuka lile lile inatosha. Hata karabai ya wavuvi wa dagaa inafaa, ukiiweka pembeni.

Weule alikuwa na msafara wa wapagazi, na bado aliacha kitu kimoja ambacho hakina uzito wowote. Ukimaliza kupiga, muulize bibi jina lake kamili, la ukoo na lile la utotoni, na kijiji alichozaliwa. Liandike kwenye jina la faili. Ukisafisha picha, liandike nyuma kwa peni.

Haya mdau, bibi yako anaitwa nani? Jina lote, siyo "bibi" tu. Kama hulijui, leo mpigie simu.