Makali na Adabu: Malezi ya Seremala katika Kariakoo

Watu waizungumzapo tarikhi ya Dar es Salaam, aghalabu huanza na Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliyeanza kuujenga mji huu karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Huendelea na Wajerumani, walioufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891. Kisha huwafikia Waingereza, walioutwaa mwezi wa Septemba 1916. Katika masimulizi hayo seremala hatajwi, ilhali hapana mlango uliofungwa katika mji huo, wala paa lililoezekwa, wala kitanda kilicholaliwa, ambacho hakikupitia mikononi mwake au mikononi mwa mwenziwe. Makala hii yakusudia kumtaja, na hasa kueleza jambo moja la sanaa yake ambalo kwangu lina thamani kuliko samani zote alizozitengeneza, nalo ni utaratibu wa kumlea mwanagenzi hata akaweza kushika chuma chenye makali pasipo kujidhuru mwenyewe, wala kukidhuru chuma.

Mafundi wa kwanza wa mji walikuja na maarifa yaliyokwisha komaa katika Unguja na miji mingine ya mwambao, ambako useremala wa nyumba na uundaji wa vyombo vya baharini vilikuwa jamaa wa karibu. Boriti za mikoko zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Rufiji, mawe ya matumbawe yakachongwa, chokaa ikachomwa, na seremala akaketi chini, ubao akaubana kwa nyayo zake, akafanya kazi yake yote kwa zana chache: shoka, tezo, msumeno, patasi, nyundo na keekee. Keekee ya zamani ilikuwa na chuma chembamba cha kutobolea kilichotiwa katika mti uitwao msukano, na juu yake kishikio kiitwacho jivu, na uta ambao kamba yake ilizungushwa kwenye msukano, ili mkono mmoja ukisukuma na kuvuta, chuma kizunguke na kuuingia mti. Aliyelikandamiza jivu kwa pupa alikivunja chuma, na aliyelegeza mkono aliiona ncha ikiteleza. Hivyo mwanagenzi alifundishwa kiasi na chombo chenyewe kabla hajafundishwa na mtu. Tezo ilidai hadhari kubwa zaidi, kwa sababu fundi huivuta kuja upande wake, na makali hushuka karibu na miguu. Kwa hiyo kusimama sawasawa na kuipanua miguu vilitangulia pigo la kwanza.

Zama za Wajerumani ziliongeza kazi na zana. Ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu ulioanza mwaka 1897 na kumalizika mwaka 1902, na reli ya kati iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, vilihitaji maseremala wengi waliozoea kupima kwa rula na kufuata ramani iliyochorwa. Mafundi wa Kihindi, waliokuwa na sanaa ya kurithi baba kwa mwana, walishika sehemu kubwa ya kazi hizo, na wamisheni nao walifundisha vijana wa Kiafrika katika karakana zao. Hapo ndipo meza ya kufanyia kazi ilipoenea, pamoja na jiriwa ya kuubana ubao, na faida yake kwa usalama ilikuwa kubwa mno: ubao ukishikwa na jiriwa, mikono yote miwili huwa huru kukaa nyuma ya makali, ambapo hayawezi kuifikia.

Kariakoo ilizaliwa katika mpango wa Wajerumani wa kuugawa mji. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga banda la soko huko kabla ya vita ya 1914, wala hawakupata wasaa wa kulitumia. Waingereza walipoingia, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa hapo, na jina la kikosi chao likabaki kuwa jina la mtaa hata baada ya soko kuanza kazi yake. Kuzunguka soko zilisimama nyumba za Kiswahili katika viwanja vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka, nyumba ya vyumba sita, ushoroba katikati na uani nyuma. Nyumba moja ya namna hiyo ilihitaji milango isiyopungua minane, ukiuhesabu wa mbele na wa uani, na madirisha yasiyopungua sita, bila kutaja vitanda, makabati, meza, viti na mbuzi ya kukunia nazi. Mji ulikuwa na watu karibu 69,000 kwa hesabu ya mwaka 1948, na ilipofika hesabu ya mwaka 1957 walikuwa wamezidi 128,000. Kila jamaa iliyoongezeka ilitaka mlango wa kufunga na kitanda cha kulalia, na karakana ndogo za Kariakoo na Gerezani zilipokea vijana wa kujifunza kwa kadiri kazi ilivyozidi.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe, yaani aachwe afundishwe na jeraha lake. Mafundi seremala walishika njia iliyo kinyume chake, nami naona njia yao ilikuwa na busara zaidi, kwa kuwa jeraha la patasi laweza kukata mshipa wa kidole, na kidole kisichokunjika hakimfai seremala umri wake wote. Mwanagenzi alianza kwa kufagia maranda na kuokota misumari, kazi ambayo wapitao waliidhani ni utumishi mtupu, kumbe ilimjuza mahali pa kila chombo, na kumzoesha kwamba sakafu iliyojaa vipande vya mbao humkwaza mtu aliyeshika msumeno. Kisha alishika ncha ya pili ya ubao fundi akikata, akajifunza kuutegemeza usije ukafunga na kuubana msumeno. Baadaye alipewa kinoo. Kuranda, kukata na kutoboa vilifuata, na patasi ilikuja mwisho. Alipohitimu, alimpa mwalimu wake kilemba, zawadi ya shukrani na ushahidi kwamba mafunzo yametimia.

Kutangulia kwa kinoo kulikuwa na hekima inayostahili kuelezwa. Asiyejua hudhani kwamba chombo kikali ndicho cha hatari na butu ndicho salama, ilhali mambo ni kinyume: patasi butu hudai nguvu, na nguvu ikizidi chuma huruka kutoka katika mti na kwenda kusikokusudiwa, lakini patasi kali huingia kwa msukumo mdogo, na mkono huweza kuizuia wakati wowote. Mwanagenzi alifundishwa kulowesha jiwe, kuulaza mgongo wa patasi uwe bapa kabisa, kisha kuinua upande wa mshazari kiasi cha nyuzi 25 hadi 30, na kusukuma bila kuyumba, hata ukingo mwembamba wa chuma ujikunje upande wa pili, ndipo augeuze na kuuondoa. Msumeno ulinolewa kwa tupa ya pembe tatu, jino moja baada ya jingine, na meno yakapindwa kidogo, moja kulia na moja kushoto, ili njia ikatwayo iwe pana kuliko bapa la msumeno lisikwame. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na chuma kilichoachwa usiku mmoja huanza kushika kutu. Kwa hiyo kazi ya siku ilikwisha kwa kupangusa na kupaka mafuta, na randa ililazwa ubavu, makali yake yasiguse meza.

Kanuni nyingine zilikuwa chache, tena zilirudiwa hata zikawa tabia. Mkono usikae mbele ya patasi. Nyundo itazamwe kabla ya kuinuliwa, na kichwa kilicholegea kitiwe kabari, kwani kikichomoka humpiga jirani. Patasi hupokezwa kwa mpini. Chombo kinachoanguka kisidakwe.

Miti nayo ilikuwa na ilimu yake. Mninga ni mpole, hukatika vizuri wala haupindi sana ukikauka, na kwa sababu hiyo ulipendwa kwa samani. Mvule ni imara, lakini ndani yake hupatikana mara nyingine mawe magumu yaliyojifanya katika mti wenyewe, yanayoweza kulimegua jino la msumeno au ukingo wa randa kwa ghafla. Fundi aliyeujua husikiliza sauti ya chuma, na sauti ikibadilika husimama. Vumbi la mvule na la mkongo huwasha pua na macho, na fundi mwenye akili hufanya kazi penye upepo.

Serikali nayo ilileta taratibu zake. Sheria ya Viwanda ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1950. Shule ya ufundi ya Ifunda ilifunguliwa mwaka 1951, na ya Moshi mwaka 1957. Baada ya uhuru mafunzo ya ufundi yalipanuliwa hadi kuundwa kwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) kwa sheria ya mwaka 1994, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ikafuata mwaka 2003. Haya yote ni mema, nayo yamewapa vijana cheti, hesabu na uchoraji ambao karakana za mtaani hazikuweza kuwapa. Hata hivyo sheria hufika pale mkaguzi anapofika, na shule humwacha kijana siku ya kuhitimu. Adabu iliyojengwa kwa kunoa kila asubuhi na kufagia kila jioni hukaa na mtu hata akiwa peke yake.

Leo soko la Kariakoo ni jumba lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, biashara ya samani imehamia kwa wingi Keko, na misumeno ya umeme imeshika kazi za mkono. Sioni sababu ya kuilaumu mashine, kwani huzidisha riziki na kupunguza uchovu. Nilaumucho ni kumsimamisha kijana mbele ya msumeno wa duara katika juma lake la kwanza, kwa kuwa kazi ni nyingi na mteja ana haraka, ilhali hajawahi kunoa patasi wala kuhisi jinsi mti unavyoshindana na chuma. Mashine haimpi nafasi ya kujifunza kwa kosa dogo. Kwa hiyo wenye karakana waurudishe utaratibu wa zamani, japo kwa miezi michache: ufagio, kinoo, msumeno wa mkono, randa, patasi, kisha umeme. Mzazi ampelekaye mwanawe kwa fundi na aulize kwanza mwanafunzi hupewa nini siku ya kwanza; na akiambiwa ni kinoo, amwache mwanawe hapo kwa moyo mkunjufu.