Herekali na Jirani Zake: Mtawala Mgeni Mwovu katika Utenzi wa Tambuka, Akitazamwa kutoka Kiunga

Mwenye kusafiri kwa bahari kutoka Pate kuelekea kaskazini hupita Ndau, Kiwayuu, Mkokoni na Rubu kabla ya kufika Kiunga, na baada ya hapo humbakia Ishakani tu, penye magofu na makaburi yake ya kale, kabla ya kuufikia mpaka wa Somalia. Neno kiunga lenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida, ni eneo la pembezoni mwa mji lenye mashamba na bustani. Historia ya mji huu wa Wabajuni imekuwa kwa kiasi kikubwa historia ya pembezoni, nayo ni historia ya kutawaliwa kutoka mahali pengine. Habari za Pate zinadai kwamba wafalme wa huko waliitiisha pwani yote ya kaskazini hadi Mogadishu. Baadaye ukaja usultani wa Busaidi wa Unguja. Mwaka 1889 Ujerumani ilitangaza himaya yake juu ya pwani iliyo kati ya Witu na Kismayu, na mwaka uliofuata himaya hiyo ikaingia mikononi mwa Uingereza. Mwaka 1925 Jubaland ilipokabidhiwa kwa Italia, Kiunga ikawa mji wa mpakani bila ya mtu wake yeyote kuhama. Kuhama kulikuja miaka ya 1960, wakati wa vita vya shifta, ambapo Wabajuni wengi wa vijiji vya bara waliacha makazi yao wakakimbilia visiwani, Lamu, Malindi na Mombasa.

Mahali kama hapo panafaa kusimama mtu anayetaka kumchunguza upya mtawala mgeni aliye maarufu kuliko wote katika tenzi za kale za Kiswahili, yaani Herekali, Kaisari wa Rumi. Makala haya yanashikilia kwamba uovu wa Herekali umesomwa kwa haraka mno kama uovu wa ugeni wake, na kwamba utenzi wenyewe, pamoja na mwaka uliotungwa, hauruhusu usomaji huo.

Utenzi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani kwa ajili ya mtawala wa nasaba ya Nabahani. Una beti zaidi ya 1,100, kila ubeti ukiwa na vipande vinne vya mizani minane, na kina cha kipande cha mwisho kinaunganisha kazi nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Wataalamu wa Ulaya waliushughulikia mapema: Carl Meinhof aliuchapisha Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Jan Knappert akaufanyia tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1958. Tambuka ni Tabuk, mahali katika Bara Arabu ya kaskazini ambako Mtume Muhammad alipeleka jeshi mwaka 630. (Sikio la Mswahili halikosi kusikia humo kitenzi cha kuvuka pia, mkazi wa Tambukareli, Dodoma, hahitaji kuelezwa.) Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika vita vya Mu'ta, Jaafari bin Abi Talib aliuawa na majeshi ya Warumi, na kisa cha utenzi kinajengwa juu ya kisasi cha damu hiyo. Mtume anampelekea Herekali barua ya kumwita katika Uislamu, Herekali anakataa, majeshi yanakutana, Ali anatenda maajabu ya kishujaa, na Warumi wanashindwa. Ieleweke kwamba Tabuk ya historia haikuwa na mapigano yoyote. Jeshi lilikwenda, likakaa, likarudi. Wala Herekali wa historia, aliyetawala kutoka Konstantinopoli kati ya mwaka 610 na 641, hakufika huko.

Usomaji unaomjia mhakiki mara ya kwanza ni kumwona Kaisari huyu Mkristo kama kinyago cha Mreno. Usomaji huu una mvuto wake. Watawala waovu wa mbali katika fasihi za ulimwengu mara nyingi hushonwa kwa kitambaa cha hofu ya karibu. Mfano wa wazi ni Ming, mfalme dhalimu wa sayari ya Mongo katika hadithi za kisayansi za Flash Gordon, aliyebuniwa na mchoraji Alex Raymond nchini Marekani mwaka 1934, akaingia katika filamu mwaka 1936 na katika mfululizo wa katuni wa televisheni ulioanza mwaka 1979. Ming anatoka sayari nyingine, lakini jina lake ni la nasaba ya wafalme wa China, na sharubu zake na mavazi yake ni ya Mwasia kama alivyoogopwa na Wamarekani wa miaka hiyo. Kutaja sayari hakumdanganyi mtazamaji. Anajua ni nani anayetajwa. Kwa kipimo hicho, mtunzi wa Pate naye angekuwa na sababu tele. Mwaka 1587 Martim Afonso de Melo aliiteketeza Faza, mji mkuu wa Watikuu, akaua watu wake na kukata minazi yao kwa kosa la kumuunga mkono Mir Ali Bey. Mwaka 1678 na 1679 Pedro de Almeida, makamu wa mfalme wa Ureno aliyetoka Goa, aliiteka Pate na kuwakata vichwa watawala wa Pate, Siyu, Manda na Lamu. Hayo hayakuwa ya kubuniwa, na wajukuu wa waliouawa walikuwa hai Bwana Mwengo alipotunga.

Tatizo ni tarehe. Hati ya utenzi inataja mwaka 1141 wa Hijria, mwaka ulioanza Agosti 1728 na kumalizika Julai 1729. Wareno walikuwa wamefukuzwa Ngome ya Yesu mwaka 1698 na Waomani. Lakini baada ya miaka thelathini, Oman ikiwa imegawanyika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mtawala wa Pate alichoka na askari wa Kiomani waliokuwa mjini mwake, akawaendea Wareno wa Goa na kufanya nao mapatano. Mapema mwaka 1728 Luís de Melo de Sampaio alifika na merikebu zake, Pate ikaondolewa Waomani, na mwezi Machi Mombasa ikachukuliwa kwa msaada wa Pate. Wareno walikaa humo hadi Novemba 1729. Kwa maneno mengine, mwaka wote unaotajwa katika hati ni mwaka ambao bendera ya Ureno ilipepea juu ya Mombasa kwa mapatano na mtawala wa mji ule ule ulimotungwa utenzi.

Hata kama mtu atadai, na dai hilo si la kupuuzwa, kwamba tarehe hiyo ni ya kunakili na si ya kutunga, bado mtu aliandika au alinakili beti zaidi ya elfu moja za kumshinda mfalme Mkristo huku ikulu ikiwa na mfalme Mkristo kwa rafiki. Kinyago cha Mreno hakitoshi kulieleza hilo.

Wala Mreno hahitaji kinyago katika maandishi ya Pate. Habari za Pate zinamtaja waziwazi, na ajabu ni upole wa kutajwa kwake: anafika kwa taratibu, anatoa zawadi, anafundisha kupasua mwamba kwa baruti ili kuchimba visima, halafu anajenga nyumba ya kutoza ushuru. Huyu ni mtu wa forodha. Uovu wake unakuja kwa hesabu, kidogo kidogo, na mwandishi wa Habari anamwelewa barabara. Herekali, kwa upande wake, hakuzaliwa Pate. Alifika akiwa kamili kutoka katika masimulizi ya Kiarabu ya maghazi, ambayo Rudi Paret aliyachambua mwaka 1930 na ambayo yalienea kila palipofika Uislamu. Swali la mhakiki basi si nani aliyevalishwa taji la Herekali. Swali ni kwa nini, miongoni mwa wafalme wengi waovu waliokuwamo katika maghazi, Pate ilimchagua huyu.

Jibu linaanza kuonekana Herekali anapowekwa karibu na jirani zake. Katika Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, kazi ya karne ya 19 yenye beti zaidi ya 4,000 iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1979, mtawala mwovu anajulikana kwa matendo yake: kisa kinaanzia kwa mwanamke anayefika Madina kumlilia Mtume kwa ajili ya watoto wake waliouawa. Masimulizi ya mdomo yanayoizunguka Kiunga kutoka kaskazini yana mtawala wa aina hiyo hiyo. Watu wa Benadir walisimulia jinsi maimamu wa Ajuran walivyojipa haki juu ya bibi harusi wa raia zao kabla ya waume zao, na mapokeo ya Shungwaya, nchi ya asili inayotajwa na Wabajuni na jamii nyingine za pwani, yanaeleza kuhama kusini kwa sababu ya shinikizo la Waoromo. Katika masimulizi hayo udhalimu una mahali pake mwilini na nyumbani: unaingia chumbani, zizini, shambani, na wanaoonewa wanaua au wanahama.

Herekali hafanyi lolote la namna hiyo. Haingii katika nyumba ya mtu. Ndiyo, majeshi yake yamemuua Jaafari, lakini kiini cha uovu wake kiko katika jibu la barua. Hapa hadhira ya Pate ilikuwa na elimu ambayo mhakiki wa leo huisahau. Katika hadithi mashuhuri iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari, Herekali anamhoji Abu Sufyan kuhusu Mtume, swali baada ya swali, kwa akili ya hakimu, na anafikia hitimisho kwamba huyu ni mkweli. Kisha anawakusanya wakuu wa Rumi ndani ya jumba, milango ikiwa imefungwa, anawapendekezea wamfuate, nao wanaikimbilia milango kama punda mwitu. Alipoona hivyo akawaambia kwamba alikuwa anawajaribu tu, wakamsujudia. Msikilizaji aliyezoea darasa za msikitini aliyajua haya kabla ya ubeti wa kwanza kusomwa. Kwa hiyo kila Herekali anapokataa ndani ya utenzi, anayekataa si mjinga asiyejua haki. Ni mfalme aliyeijua, akaipima na kiti chake, akachagua kiti.

Uovu huo hauna utaifa. Ndiyo maana ungeweza kusomwa ikuluni bila ya mtunzi kupoteza riziki yake, kwa kuwa aliyetajwa ni Kaisari wa Rumi. Na ndiyo maana, mwaka 1728, ungeweza kuuma. Mtawala aliyewakaribisha Wareno ili kuokoa mamlaka yake alikuwa akisomewa habari za mtawala aliyeipoteza akhera yake ili kuokoa mamlaka yake. Haiwezi kuthibitishwa kwamba Bwana Mwengo alikusudia hivyo. Utenzi ni kazi ya ibada pia, na aliyeusoma kwa thawabu hakuusoma vibaya. Lakini kusudi la mtunzi si kizuizi cha kile ambacho muktadha unakifanya kisikike.

Kutoka Kiunga, mlingano huu unasikika kwa sauti nyingine tena. Kwa mtu wa Pate mjini, wageni walikuwa Mreno na Mwomani, na Nabahani alikuwa mwenyeji. Kwa mvuvi wa Kiunga, Nabahani naye alikuwa mtu wa ng'ambo ya maji, ambaye habari zake zilimfikia kwa jahazi, na ambaye mapatano yake na Goa yalifanywa bila ya pwani ya Wabajuni kuulizwa, kama ambavyo haikuulizwa mwaka 1889, wala 1925. Anayetaka kumtafuta mgeni katika Utenzi wa Tambuka lazima kwanza aseme amesimama wapi. Aliyesimama Faza mwaka 1587 anamwona Mreno. Aliyesimama Pate mwaka 1728 hana hakika. Aliyesimama Kiunga anamwona mfalme akipokea barua katika mji wa mbali, na anajua kwamba jibu lake, liwe lipi, litafika baada ya miezi.

Mwezi Aprili 1729, kabla ya mwaka 1141 kumalizika, Mombasa iliwainukia Wareno, na Pate nayo ikawageuka. Utenzi hautaji lolote kati ya hayo. Herekali ameshindwa tayari, na kina cha mwisho kinaendelea vile vile.