Huku na Kule: Kufuata Nyayo za Vidirisha Viwili

Desemba 2022 waandishi wa Xfce, mojawapo ya mazingira mepesi ya Linux, walitoa toleo la 4.18. Ndani yake mlikuwa na jambo lililoombwa kwa muda mrefu: ukiwa katika Thunar, programu yao ya kutazamia folda, unabonyeza F3 na dirisha linagawanyika katikati. Kushoto folda moja, kulia nyingine, na unaweza kuchukua huku ukaweka kule bila kufungua dirisha la pili.

Aliyezoea simu ataliona jambo hilo kuwa jipya. Lina karibu miaka 40, na njia lililopitia bado inafuatika, maana programu nyingi zilizoachwa njiani zinawaka hata leo ukizibembeleza kidogo. Nimeifuata kinyumenyume, kutoka mezani kwangu kurudi ilikoanzia, nikitazama vitufe zaidi kuliko majina ya makampuni. Makampuni mengine yalishauzwa, mengine yalishakufa. Vitufe vimekaa palepale.

Kituo cha karibu ni 2012, na hapo palikuwa na ugomvi. Nautilus, meneja wa mafaili wa mazingira ya GNOME, ilipata kidirisha cha ziada mwaka 2010 katika toleo la 2.30, kwa F3 hiyohiyo. Lilipotoka toleo la 3.6, mwaka 2012, kikaondolewa pamoja na mambo mengine kwa nia ya kurahisisha. Watu wa Linux Mint, mojawapo ya mifumo ya Linux, hawakungoja kuombwa radhi. Walichukua msimbo wa Nautilus wa kabla ya mfagio huo, wakaupa jina la Nemo, na F3 ya Nemo inafanya kazi mpaka leo. Naona walifanya vyema. Waliopitisha uamuzi ule walimfikiria mtu anayefungua folda kutafuta picha moja. Anayeshinda akihamisha mafaili asubuhi mpaka jioni hawakumwona.

Nautilus yenyewe ilitungwa na Eazel, kampuni iliyoanzishwa 1999 na watu waliowahi kuiunda Macintosh, akiwamo Andy Hertzfeld. Ilitoa toleo la 1.0 Machi 2001, na Mei mwaka huohuo kampuni ikafunga milango. Programu ambayo GNOME iliiweka kando kuipisha Nautilus ilikuwa Midnight Commander iliyovalishwa sura ya michoro, yaani mtoto halali wa ukoo wa vidirisha viwili. Kwa hiyo kidirisha cha 2010 kilikuwa kinarudi kwao, na 2012 kilifukuzwa kwa mara ya pili.

Kwa majirani wa KDE, mazingira mengine ya Linux, hapakuwa na vurugu hizo. Dolphin, meneja wao wa mafaili tangu KDE 4 ya mwaka 2008, inagawanyika kwa F3, na ukibonyeza Shift pamoja na F5 faili linanakiliwa kwenda upande wa pili. Huo ndio unyayo wa kwanza ulio wazi. Kwa nini F5, na siyo F4 au F9? Hakuna sababu yoyote ndani ya Dolphin. Sababu iko nyuma sana.

Kabla ya kwenda huko, inafaa kutazama kazi yenyewe. Kwenye kompyuta yangu ninatumia Double Commander, programu huria iliyoandikwa kwa Pascal, inayokwenda kwenye Windows, Linux na Mac. Nachomeka flashi. Kidirisha cha kushoto nakielekeza kwenye flashi, cha kulia kwenye folda ya kazi. Kitufe cha Tab kinanivusha kutoka huku kwenda kule. Nikibonyeza Insert jina la faili linageuka jekundu na kiashirio kinashuka mstari mmoja, kwa hiyo mafaili 20 yaliyofuatana yanachaguliwa kwa kupigapiga kitufe kimoja. Nikitaka picha tu, nagonga alama ya kujumlisha iliyo upande wa tarakimu, naandika *.jpg, basi. Kisha F5. Kinajitokeza kisanduku ambacho tayari kimeandikwa anwani ya folda ya upande wa pili. Sikuiandika mimi, programu imeisoma kwenye kidirisha. Enter. Kukiwa na faili lenye jina hilohilo kule, naonyeshwa ukubwa na tarehe za yote mawili, na naweza kuagiza yaandikwe juu ya yale ya zamani tu.

Hapo ndipo ulipo utamu wa mpango huu. Kunakili ni kazi yenye ncha mbili, inakotoka na inakokwenda, na vidirisha viwili vinaonyesha ncha zote kabla hujatenda lolote. Katika dirisha moja unabonyeza Ctrl na C, unasafiri ngazi kwa ngazi hadi folda nyingine, halafu Ctrl na V. Safari nzima ulichobeba hakionekani popote. Simu ikilia katikati, umeshasahau umebeba nini.

Anayeshinda na flashi za watu anajua zaidi yangu. Wafanyakazi wa steshenari na saiba za miji yetu wamepambana kwa miaka na kirusi kile kinachoficha folda zote za mteja na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale mahali pake. Mteja anafika ameshika kichwa: kazi yake yote imekuwa kilobaiti chache. Nimemtazama kijana mmoja akiitibu flashi ya namna hiyo kwenye kompyuta yenye Linux. Kushoto yalionekana mambo yote bila pazia, vijifaili vya .lnk na folda za kweli kando yake, kwa sababu Linux huficha kile tu ambacho jina lake linaanza na nukta, na alama ya kuficha ya Windows haiijali. Alizichagua folda za kweli, F5 kwenda kulia, akaifuta flashi yote, akazirudisha. Mteja alilipia kuchapa, na ushauri wa bure juu.

Turudi njiani. Krusader, programu nyingine ya vidirisha viwili ya KDE, ilianza mwaka 2000, na waandishi wake hawakuficha walikoiga. Upande wa Windows, Mswisi Christian Ghisler alitoa Windows Commander mwaka 1993, enzi ya Windows 3.1, na mpaka leo anaiendeleza. Mwaka 2002 Microsoft walilalamikia neno Windows katika jina hilo, naye akaiita Total Commander. Ni programu ya kujaribu kwanza na kulipia baadaye: asiyelipa anakutana kila siku na kisanduku kinachomtaka abonyeze kitufe cha 1, 2 au 3, kikibadilika kila mara. Wapo walioibonyeza namba hiyo miaka 20.

Mwaka mmoja baada ya Ghisler, 1994, mwanafunzi wa Mexico aitwaye Miguel de Icaza alitoa Midnight Commander kwa ajili ya mifumo ya Unix. Ndiye huyo aliyeasisi GNOME mwaka 1997 pamoja na Federico Mena. Midnight Commander haihitaji michoro, inakaa ndani ya skrini ya maandishi, na hadi leo mafundi wa seva wanaiita kwa herufi mbili tu, mc.

Lakini nyayo nyingi kuliko zote ziko Ulaya ya Mashariki. Programu asili ya ukoo huu, tutakayoifikia mwisho, ilienea huko kwa kunakiliwa kutoka disketi hadi disketi, kisha wenyeji wakaanza kutunga za kwao. Vsevolod Volkov wa Ukraine aliandika Volkov Commander kwa lugha ya asembli, ikaingia katika faili moja la aina ya COM, na faili la aina hiyo haliruhusiwi kuvuka kilobaiti 64. Moldova walikuwa na RIT Labs na DOS Navigator yao. Urusi, Eugene Roshal, ambaye jina lake limo ndani ya kila faili la RAR, alitoa FAR mwaka 1996. Wote hawa wangeweza kubuni mpangilio wao wenyewe wa vitufe. Hakuna aliyethubutu. F5 ilibaki kunakili, F6 kuhamisha, F7 kuunda folda, F8 kufuta. Vidole vya watu vilishaapa, na programu iliyokuja na desturi nyingine ingekosa wateja.

Kuna njia panda ambayo siwezi kuiruka. Macintosh ya 1984 ilichukua njia nyingine: kila folda na dirisha lake, na faili linaburutwa kwa kipanya. Windows 95 ikafuata. Tatizo ni kwamba ukitaka kuburuta lazima uone unakotoka na unakokwenda, kwa hiyo watu walitumia dakika nzima kuyasukumasukuma madirisha mawili mpaka yakae bega kwa bega. Mwaka 2009 Windows 7 ikaleta uwezo wa kulisukuma dirisha hadi ukingoni likajaza nusu ya skrini. Fanya hivyo kushoto, fanya tena kulia, na umepata vidirisha viwili kwa mzunguko mrefu. Bado hakuna F5, kwa sababu madirisha hayo hayajuani.

Sasa chimbuko. Norton Commander toleo la 1.0 lilitoka mwaka 1986, na matoleo yake bado yanawaka ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya zamani. Nimeliwasha. Skrini inajaa buluu, safu 80 kwa mistari 25, maandishi ya samawati, fremu mbili za mistari miwilimiwili. Majina ya folda ni herufi kubwa, ya mafaili ni herufi ndogo, na yaliyochaguliwa yanageuka njano. Chini kabisa kuna mstari wa namba 1 hadi 10 na kazi zake, na juu yake amri ya DOS, mfumo wa maandishi wa kompyuta hizo, inangoja kama kawaida. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Programu haikuificha DOS. Ungeweza kuandika amri huku vidirisha vikionekana, kubonyeza Ctrl na Enter jina la faili likajiandika lenyewe kwenye amri, au Ctrl na O kuviondoa vidirisha uone matokeo. Sikuhitaji kusoma maelekezo yoyote. Tab, Insert, F5, vidole vilishajua.

Peter Norton hakuiandika. Yeye alikuwa amejijengea jina tangu 1982 kwa programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, na picha yake akiwa amekunja mikono ilijulikana kwenye majalada ya vitabu. Mwaka 1990 aliiuza kampuni yake kwa Symantec. Mwandishi ni John Socha, ambaye alianza kazi hiyo mwaka 1984 akiwa mwanafunzi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cornell, na akaiita Visual DOS. Ni mtu yuleyule aliyechapisha katika jarida la Softalk, Desemba 1983, programu fupi ya kuizima skrini isiyotumika ili isiungue. Vitunza skrini vyote vilivyofuata viko nyuma yake. Mtu mmoja, mambo mawili ya kila siku, na jina lililobaki kwenye boksi ni la mwingine.

Kwa nini 1984? Tazama kilichotokea mwaka uliotangulia. IBM walitoa kompyuta ya PC XT ikiwa na diski ya ndani ya megabaiti 10, na MS-DOS 2.0 ikaleta folda ndani ya folda. Kabla ya hapo disketi moja ilikuwa orodha moja, unaisoma yote kwa jicho moja. Ghafla kukawa na vyumba ndani ya vyumba, na chombo pekee cha kuvipitia kilikuwa amri za kuandika kwa mkono, anwani nzima ya kutoka na anwani nzima ya kwenda, herufi moja ikikosewa unaanza upya. Zaidi ya hayo, DOS haikuwa na amri ya kuhamisha faili. Ulinakili, ukahakikisha nakala imefika, halafu ukafuta la awali, ukiomba usiwe umekosea jina. F6 ilifanya yote matatu kwa mkupuo. Microsoft waliongeza amri ya MOVE katika MS-DOS 6, mwaka 1993, miaka saba baada ya Norton Commander kuingia madukani.